Kitufe Kilichobanwa Msituni

Siku Asmahani aliposhuka kwenye basi pale Kalembela, Fikiri alimtazama mara moja tu, akajiambia kwamba chama kimeingia mkenge. Waliomba fundi wa redio za upepo, naye alitegemea kijana mwenye kompyuta na gari la vifaa. Aliyeshuka alikuwa mama wa miaka sitini na tatu, amevaa baibui na raba nyeupe, mkononi kashika begi la zana ambalo kitambaa chake kilishachakaa hadi nyuzi zinaonekana.

"Shikamoo, mama," Fikiri alisema, akapokea begi. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

"Marahaba. Wewe ndiye katibu?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Kabla ya chai, nionyeshe watu wako wanatembea wapi."

Fikiri alikuwa katibu wa chama cha wafuga nyuki wa Kalembela, kijiji kilicho kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora mjini kuelekea Ujiji. Wanachama wake walikuwa wakiingia kwenye misitu ya miyombo wiki mbili, wiki tatu, kulina asali na kutundika mizinga, na mtandao wa simu uliishia nyumba ya mwisho ya kijiji. Mwaka uliotangulia mwenzao mmoja aliumwa na nyoka huko porini, na habari zikafika kijijini siku ya nne, mtu alishazikwa. Baada ya hapo hakuna aliyebisha tena kwamba wanahitaji redio. Ubishi ulibaki kwenye nani aje kuzifunga. Fikiri alitaka kampuni kutoka Dar. Wazee wakamtaka mama mmoja wa Isevya, Tabora mjini, mstaafu wa mawasiliano ya reli, aliyekaa miaka thelathini akihakikisha stesheni zinasemezana.

Fikiri alimpeleka moja kwa moja ofisini, akamwonyesha paa. "Antena tutaiweka hapa, mama. Umeme upo, ulinzi upo."

Asmahani hakutazama paa. Alitazama nyuma yake, kwenye mlima Igulwe, uliojaa mawe makubwa kama magunia yaliyorundikwa. "Ukisimama hapa unaiona kambi yenu ya mbali?"

"Haionekani. Kuna miti, kuna mabonde."

"Basi na redio haitaiona. Mawimbi haya hayapindi kona sana, katibu. Yanataka kuonana uso kwa uso. Na kule juu ukisimama?"

"Kule juu unaona mpaka mto Nsanga."

"Umeshajijibu."

Siku tatu nzima alitembea. Aliwakalisha walina asali chini, akawapa kijiti, wakamchorea mchangani kambi zao, visima na mapito. Aliwapa redio mbili za kujaribia, akapanda Igulwe, akawa anazungumza nao mmoja mmoja huku akiandika kwenye daftari nani anasikika vizuri, nani anakatika, nani hasikiki kabisa. Ripita, mtambo wa kurudia sauti, ilipofika, sanduku la kijivu lisilozidi ukubwa wa debe, ilikwenda kukaa pale pale alipopachagua, pamoja na paneli za sola, betri nne na nguzo ya mita tisa. Wafuga nyuki walibeba kila kitu mgongoni. Walipochoka aliwapumzisha kwa kuwaeleza kazi ya wanachokibeba.

"Sanduku hili lina sikio na mdomo," aliwaambia. "Redio yako ndogo haifiki mbali, lakini mlimani inafika. Sanduku linakusikia kwa masafa ya chini, papo hapo linayarudia maneno yako kwa masafa ya juu, kwa nguvu, na bonde zima linasikia. Sikio na mdomo vina namba tofauti. Vingekuwa namba moja, lingejisikia lenyewe na kupiga kelele hadi liungue."

Fikiri alimwona akizika fito za shaba kuzunguka nguzo kwa ajili ya radi, akimwagia mkaa na chumvi shimoni ili ardhi ishike unyevu. Alimwona akifungua kiungio cha waya ambacho kila mtu aliona ni kizima, akikikata, akikifunga upya, mara tatu, mpaka kipimo chake kilipompa namba aliyoitaka. Kibali cha masafa alikifuatilia mwenyewe mjini, akakataa katakata kuwasha chochote kabla karatasi haijatoka. Siku alipowasha, mlina asali Nyamizi, aliyekuwa kambi ya mbali kabisa, mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu, aliita, "Kalembela, Kalembela, mnanipata? Ova," na sauti yake ikatoka safi kana kwamba yuko chumba cha pili. Fikiri aligeuka pembeni akajifanya anakohoa.

Hata hivyo walikwaruzana jambo moja. Kila redio ndogo ilikuwa na kikomo: ukibonyeza kitufe cha kusemea kwa zaidi ya dakika moja, inakukata. Wazee wakalalamika. Salamu za Kinyamwezi haziishi kwa dakika moja, na mtu anakatwa hata hajamaliza kuulizia ng'ombe. Mzee Kasimiri ndiye aliyelalamika kuliko wote. Fikiri alisema kikomo kibaki. Asmahani alisita, kisha akawaondolea, akaacha kikomo kwenye ripita peke yake: mtu akiishikilia dakika tatu mfululizo, inanyamaza mpaka aachie.

"Hilo ni kosa, mama," Fikiri alimwambia wakiwa wawili tu.

"Huenda," alijibu. "Tutaona watakavyolizoea."

Miezi saba ikapita. Asmahani alikuwa akija kila baada ya miezi mitatu kukagua betri na kufuta vumbi kwenye paneli. Safari ya Julai alifika jioni, akalala kwa Fikiri, na asubuhi walikuwa ofisini wanakunywa uji. Saa tatu kamili Fikiri aliita majina kama kawaida, kambi zote tano zikaitika. Mzee Kasimiri aliitika wa mwisho, akasema anatoka kambini kwenda kutundika mizinga mipya. Saa tatu na nusu Fikiri alitaka kumwambia Nyamizi, ambaye mwezi huo alikuwa kambi ya jirani na ya Mzee Kasimiri, habari ya ndoo za asali. Aliita. Kimya. Akaita tena. Hata ule mlio mfupi ambao ripita huutoa mtu akiachia kitufe haukusikika.

"Ripita imekufa," alisema.

Asmahani aliweka kikombe chini, akachukua redio, akabonyeza mara mbili, akasikiliza. "Haijafa. Imekabwa. Kuna mtu amebonyeza na hajaachia, sasa ni zaidi ya dakika tatu."

"Nilisema." Fikiri alihisi damu inampanda. "Mtu ameikalia redio yake, bonde zima limezibwa. Nilisema kile kikomo kisiondolewe."

"Ulisema," alikubali. Alikuwa tayari anazungusha namba. "Hapa ninasikiliza masafa ya chini, yale anayosemea yeye. Sipati kitu, tuko bondeni. Washa pikipiki, twende mlimani."

Pikipiki iliwafikisha nusu ya njia, iliyobaki wakapanda kwa miguu. Fikiri, mwenye miaka arobaini na minne, ndiye aliyekuwa akihema. Juu, Asmahani aliketi kwenye jiwe, akaweka redio sikioni, akafumba macho. Kisha akampa Fikiri.

Mwanzoni Fikiri alisikia mchakarisho tu, kama majani makavu yanasuguliwa. Kisha akasikia ndani ya mchakarisho ule kitu kinachokwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, kwa shida. Mtu anapumua. Mara kikafuata kikohozi, kifupi, cha kukwaruza, ambacho Fikiri amekisikia kwenye kila mkutano wa chama tangu akiwa mwanachama wa kawaida.

"Mzee Kasimiri," alisema, na hasira yote ikamtoka miguuni. "Mama, mwambie tunakuja. Mwambie asitembee."

"Hawezi kutusikia. Redio ikiwa inasema, sikio lake limefungwa. Mpaka aachie kitufe." Alitazama saa. "Na betri ikisema mfululizo hivi haimalizi masaa mawili. Imeshakula kama dakika arobaini. Ikizimika kabla hatujajua alipo, tutakuwa na msitu wote wa kutafuta."

Alifungua begi lake, akatoa kitu ambacho Fikiri alikiona kama mchezo wa watoto: bomba jembamba la plastiki, na juu yake vipande vitatu vya futi ya fundi seremala, ile ya bati la njano, vimefungwa kimoja mbele ya kingine kama mbavu za samaki. Akakiunga na redio kwa waya mfupi.

"Antena ya kawaida inasikia pande zote sawa," alisema huku akisimama. "Hii inasikia mbele tu. Nikimwelekea, sauti inajaa. Nikimpa kisogo, inafifia."

Akageuka taratibu pale juu ya jiwe, baibui likipepea, mkono umenyooka. Alizunguka mara moja, akarudi, akazunguka tena kwa uangalifu zaidi. Kisha akasimama kabisa, akatoa dira, akachora mstari kwenye ramani yake ya karatasi kutoka Igulwe kuelekea kusini magharibi.

"Yuko mahali fulani juu ya mstari huu. Karibu au mbali, sijui. Nahitaji mstari wa pili kutoka mahali pengine. Penye kukutana ndipo alipo."

Kabla ya kushuka alihamia namba tano, masafa ambayo hayapiti kwenye ripita. Tangu mwanzo aliwafundisha kwamba ripita ikinyamaza wote wahamie huko. Fikiri aliona somo lile ni la kupoteza muda. Sasa, kutoka kileleni, Asmahani aliita mara moja tu na Nyamizi akajibu, kwa mbali na kwa mikwaruzo.

"Nakupata, mama. Wote tumeshahamia namba hii isipokuwa Mzee Kasimiri. Alikwenda peke yake upande wa Nsanga. Ova."

"Ameumia. Chukua wawili, machela na maji, mfuate mto kushuka. Tutakuongoza. Ova."

Walishuka Igulwe kama wanaofukuzwa. Fikiri aliendesha pikipiki kwenye njia ya misafara, mchanga mwekundu ukiruka, na nyuma yake Asmahani ameshika antena kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Kilomita nane. Walipofika penye visima vya zamani alimgonga begani asimame. Akasikiliza. Akatikisa kichwa.

"Naisikia kwa mbali sana. Nipandishe pale."

Pale palikuwa kichuguu kirefu kuliko mtu. Fikiri aliinama, Asmahani akavua raba, akamkanyaga begani, akapanda. Udongo ulimwagikia shingoni mwa Fikiri, hakujali. Alikuwa anatazama uso wa yule mama, uliotulia tuli, macho yamefumbwa, huku mkono ukizunguka polepole kama wa mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Ndipo Fikiri alipoelewa kitu kuhusu kazi ile. Miezi saba alidhani kwamba ustadi uko ndani ya sanduku la mlimani. Ustadi ulikuwa hapa, umesimama peku juu ya kichuguu.

"Nipe dira na ramani," Asmahani alisema. Akasoma, akachora akiwa huko huko juu, ramani ameilaza gotini. Mistari miwili ikakutana karibu na mahali Nsanga unapopinda. Fikiri alipajua.

"Kuna pito la walina asali linakwenda huko. Kilomita tatu hivi."

"Saa nne na dakika thelathini na saba. Twende."

Pito lilikuwa na mizizi, mara mbili nusura waanguke. Walipoiacha pikipiki, sauti kwenye redio ilikuwa imejaa, na pumzi za mzee zilisikika wazi kiasi kwamba Fikiri alijikuta akipumua nazo. Asmahani alizungusha antena huku na kule, akaguna.

"Tumekaribia mno. Sasa inamsikia kila upande, hainisaidii tena." Akaichomoa, akaiangusha kwenye majani. Akachomoa na antena ndogo ya redio yenyewe, akaishika redio ikiwa uchi, akaibana kifuani. "Sasa mwili wangu ndio ukuta. Nikimpa mgongo, namziba."

Akaanza kujizungusha pale alipo, hatua kwa hatua, kichwa kimeinama. Sauti ilikuwa kubwa, kubwa, kisha ikafifia karibu kupotea. Akasimama. "Yuko nyuma yangu. Upande ule." Wakatembea hatua hamsini. Akajizungusha tena. Wakabadili kidogo kuelekea kulia. Hatua sitini. Alikuwa ameanza kujizungusha mara ya tatu, sauti inafifia, redio ilipokata.

Msitu ukawa kimya.

Punde redio ya pili, ile ya Fikiri mwenyewe iliyokuwa kiunoni mwake kwenye namba ya ripita, ikatoa mlio mfupi, kisha Nyamizi akaita, "Kalembela, ripita imerudi, mnasikia?" Betri ya mzee ilikuwa imekwisha, na sanduku la mlimani limepata pumzi. Fikiri alinyoosha mkono kujibu.

"Subiri," Asmahani alisema. Hakuwa ameondoa mguu pale uliposimama wakati sauti inakatika. Aligeuza kichwa tu, akatazama juu ya bega lake. "Ilikuwa inafifia nilipoelekea mninga ule. Kwa hiyo yeye yuko kinyume chake. Huku. Nenda moja kwa moja, usipinde, na uite."

Fikiri alikwenda, mikono inasukuma matawi, akiita jina la mzee. Alipofika hatua ya mia moja na kitu alisikia kikohozi, si kwenye redio.

Kasimiri alikuwa amelala chali chini ya mti mkubwa wa mtundu. Kamba ilikuwa imekatika alipokuwa akivuta mzinga wa gogo juu, yeye na mzinga wakashuka pamoja. Mguu wa kushoto ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi. Gogo lilikuwa limemlalia kifuani kwa kukingama, na chini yake, kwenye mfuko wa ovaroli, ndiko redio ilikobanwa, kitufe kimezama. Mkono mmoja nao ulikuwa umebanwa. Uzuri, mzinga ulikuwa mpya, haukuwa na nyuki.

Fikiri na Asmahani walilinyanyua gogo pamoja. Mzee alivuta pumzi ndefu, akalia kidogo bila kuona haya, akanyweshwa maji kwa kifuniko cha chupa.

"Niliona taa nyekundu," alisema sauti ilipomrudia. "Ile ndogo ya redio. Nikainamisha kidevu nikaiona inawaka. Nikajua kuna mahali mtu ananisikia na ananitukana kwa kuwazibia njia."

"Mimi," Fikiri alisema. "Nilikutukana, mzee wangu. Nisamehe."

"Hukunikata lakini." Akamtazama Asmahani, akajaribu kuinua mkono wa salamu, ukamshinda. "Ni mama wa reli aliyenipata?"

"Ndiye."

"Shikamoo," Kasimiri alisema, ingawa alimzidi umri kwa miaka kumi.

Asmahani alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akamshika paji la uso. "Usinizeeshe. Pumzika."

Nyamizi na wenzake walitokea baada ya nusu saa na machela. Wakamfunga mguu kwa fito, wakambeba hadi kwenye njia ya misafara, na gari lililoitwa kwa ripita likawakuta pale pale visimani. Saa kumi alasiri mzee alikuwa hospitali, Tabora mjini. Daktari alisema kwamba kifua kingevumilia masaa machache mengine, si zaidi. Mguu uliunga vibaya, sasa anachechemea, na msituni haendi peke yake tena. Anakaa kambini anaitikia miito ya asubuhi redioni, na salamu zake ni ndefu kama zamani.

Mwezi uliofuata chama kilikutana. Watu walitaka redio ziachwe kama zilivyo, bila kikomo, kwa kuwa kitufe kilichobanwa ndicho kilichomwokoa mwenzao. Mmoja alipendekeza iandikwe kabisa kwenye kanuni. Asmahani aliomba nafasi, akasimama.

"Mimi ndiye niliyeondoa kikomo," alisema, "na katibu alinionya. Safari hii kosa langu lilitufaa. Lakini dakika zile ambazo njia ilikuwa imezibwa, angeumwa na nyoka mtu wa pili, kijijini tusingemsikia. Sitaki tupate mtu mmoja kwa kubahatisha, tumpoteze mwingine. Niruhusuni nirudishe kikomo. Badala yake nitawafungia kile kitufe cha rangi ya chungwa cha juu, ambacho hamkitumii. Ukikibonyeza mara moja, redio itajiita yenyewe kila dakika, itasema ni ya nani, kisha inyamaze isikilize. Na nitawafundisha watu wawili kutafuta kwa antena ile, ili siku nisipokuwepo msinisubiri."

Walibishana mpaka jua likahama dirisha. Mzee Kasimiri, mguu kwenye kiti cha pili, ndiye aliyefunga mjadala kwa kusema kwamba atajifunza kusalimia kwa mafungu.

Watu walipotawanyika Asmahani alibaki mezani na redio kumi na nne, waya na kompyuta ndogo ya kuazima. Alichukua ya kwanza, akaiunga. Fikiri alikuwa na funguo za ofisi mkononi, tayari kwenda zake. Alizirudisha mfukoni.

"Mama, hizo namba hapo zina maana gani?"

Asmahani alimtazama juu ya miwani, kisha akasogea kwenye benchi, akapiga kwa kiganja nafasi aliyoiacha. "Kaa hapa. Hii ya juu ni sikio."